Mama Akipigwa, Muulizie na Mtoto

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa katika kitongoji kimoja cha hapa Usagara. Nasema Usagara yetu ya Misungwi, pale njia panda inapoachana barabara ya Shinyanga na ile ya Kigongo, si ile ya Wasagara kule Kilosa. Mume alikuwa amempiga mkewe kwa ubapa wa panga. Tulikuwa wazee watano na kina mama wawili, nami nikiwa mmoja wao. Tulizungumza tangu asubuhi hadi jua la utosi: hela ya mpunga ilikwenda wapi, nani alianza kutoa maneno, shemeji alisema nini. Mume akatozwa mbuzi, akaomba radhi, mke akapokea, tukanywa soda tukatawanyika.

Muda wote huo binti yao, wa miaka kama 8, alikuwa ameketi kwenye mzizi wa mwembe akimbembeleza mdogo wake. Alikuwa amevaa sweta la shule, na joto la siku ile lilikuwa kali. Hakuna aliyejiuliza sweta lile linaficha nini. Wiki tatu baadaye mwalimu wake alimpandisha mkono wa sweta akakuta kovu bichi la kijinga cha moto. Aliyemuunguza alikuwa mama yake, yule yule tuliyekaa nusu siku tukimhurumia.

Siandiki makala haya ili kumsema mama yule. Naandika kwa sababu sisi saba tulikuwa na macho, tukayaelekeza upande mmoja.

Tumezoea kuyaweka mambo haya katika vikapu viwili. Mke akipigwa, hayo ni ya ndoa: yanapelekwa kwa washenga, kwa wazee, kwa mchungaji au shehe. Mtoto akipigwa, hayo ni malezi, na malezi hayaingiliwi. Hata anayeamua kusaidia huchukua kikapu kimoja akakiacha kingine. Mama anayekimbilia kwa jirani usiku na jicho limevimba huulizwa "amekupigia nini?", lakini ni nadra aulizwe "na watoto, je, wako wapi sasa hivi?" Mtoto aliyechapwa hadi akashindwa kukaa darasani huulizwa amekosa nini, haulizwi kwao kukoje usiku. Nyumba ni moja, na moto unaowaka chumbani haujui kwamba jikoni ni kwa mtu mwingine.

Na nyumba za namna hii si chache. Watafiti wa hapa Mwanza, wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya NIMR pamoja na wenzao wa London, walizungumza na wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo midogo. Asilimia 61 walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenza wao, na asilimia 27 walisema yamewapata katika miezi 12 iliyotangulia. Hao ni wanawake wenye biashara zao, wauza dagaa, vitenge na mchele, watu tunaowaona wakicheka sokoni. Kwa upande wa watoto, utafiti wa taifa wa mwaka 2009 uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu hizo mbili zilichukuliwa mbali mbali. Lakini ukizilaza juu ya ramani moja ya kaya zetu, haiwezekani zisikutane chini ya mapaa yale yale, na tafiti za nchi nyingi zimeonyesha hivyo: mahali mke anapopigwa, uwezekano wa mtoto kupigwa huwa mkubwa kuliko kwa jirani mwenye amani.

Zinakutanaje? Njia ya kwanza hatuioni kwa sababu tumeizoea. Mama anapigwa akiwa na mtoto mgongoni. Kofi lililokusudiwa shavu la mama linaangukia kichwa cha mtoto, au mama anasukumwa akaanguka chali juu ya mwanawe. Zahanati inaandika "ameanguka", na kweli ameanguka.

Njia ya pili ni ya mtoto anayeamulia. Kijana wa miaka 12 au 13 anaona hawezi tena kujifunika shuka akajifanya amelala. Anajitupa katikati. Baba aliyekuwa na hasira na mtu mmoja sasa anajiona amekabiliwa na wawili, na kipigo cha mtoto huyo huweza kuwa kikali kuliko cha mama, maana sasa baba anasema amedharauliwa nyumbani kwake. Baadhi ya vijana hawa hupanda gari hapa njia panda wakaenda kushuka Nyegezi na kifurushi cha nguo. Mwanza imewajua watoto hawa kwa muda mrefu. Shirika la Kuleana lilianza kuwahudumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukimuuliza mtoto wa mtaani kwa nini aliondoka kwao, usishangae akianza kukusimulia habari za mama yake.

Kisha kuna mtoto anayegeuzwa kuwa fimbo. "Mama yako leo alikwenda wapi? Alizungumza na nani?" Mtoto wa miaka 6 anafanywa mpelelezi, na jibu lake ndilo litakaloamua kama usiku huo utakuwa wa kulala au wa kukimbia. Akisema ukweli, mama anapigwa. Akificha, anapigwa yeye. Mwingine ananyimwa daftari au hela ya mtihani, si kwa sababu hela haipo, bali mama yake aadhibike kwa kumwona mwanawe akirudishwa nyumbani. Na kwetu huku kuna lile neno la ng'ombe: "Watoto ni wangu, nilitoa mahari, ukitoka utatoka na mikono yako." Neno hilo limewabakiza wanawake wengi kwenye kipigo kuliko kufuli.

Ya mama mwenyewe ni magumu kuyasema, lakini lazima yasemwe. Mtu anayepigwa hubaki na hasira isiyo na pa kwenda. Hawezi kuirudisha ilikotoka. Mtoto akimwaga maji, akichelewa kurudi na ndoo, akilia wakati baba amelala, hasira hiyo inapata pa kushukia. Wapo kina mama wanaochapa mapema na kwa nguvu wakiwa na hesabu kichwani: nikimchapa mimi, baba yake hatamchapa yeye. Wapo pia waliochoka kiasi kwamba hawachapi wala hawakumbatii. Mtoto mchanga analia, naye amekaa anatazama ukuta, uji umepoa. Ukimwita mama huyu mkatili ukaishia hapo, umemwacha mtoto mahali pale pale. Msaada wa kwanza kwa mtoto huyo ni kipigo cha mama yake kukoma. Lakini kumhurumia mama kusitufanye tunyamaze juu ya kijinga cha moto. Mambo haya mawili yanabebeka pamoja.

Na mtoto ambaye hajaguswa hata kidogo? Huyo naye ameumia. Aliye chumba cha pili anasikia kila kitu. Anajifunza kuhesabu hatua za baba kutoka getini, kujua kwa namna pikipiki inavyozimwa kama leo kuna pombe. Mwili wake hautulii. Ndiyo sababu anakojoa kitandani akiwa na miaka 10, anasinzia darasani, au anawapiga wenzake kwa jambo dogo.

Najua nitajibiwa na methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimelelewa nayo na siikatai. Lakini methali hiyo inazungumzia kumkataza mtoto anachotaka hata kama atalia. Haikusema avunjwe mkono. Adabu ina kipimo chake: mtoto ajue alichokosea, na baada ya hapo asiogope kukaa karibu na wewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imekataza adhabu inayopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Kwa upande wa mke hakuna hata kiasi: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Zaidi ya miaka 50 sasa, na bado tunaulizana kama mke anaruhusiwa kupigwa kidogo.

Sasa tufanye nini? Nianze na jirani, kwa sababu jirani ndiye anayesikia kwanza.

Ukisikia kipigo usiku, usiende peke yako na usiende kuhukumu. Mwamshe mwenzako, mwende wawili au watatu, mbishe hodi mkiwa na sababu yoyote ile: mgonjwa, ng'ombe aliyekatika kamba, kiberiti. Hodi peke yake inaweza kuzuia kifo. Kama kuna panga au mtoto anapiga kelele, mpigie mwenyekiti wa kitongoji na polisi papo hapo, usisubiri kukuche. Kesho yake mtafute mama akiwa peke yake, kisimani au njiani kutoka mashine ya kukoboa, kamwe usimuulize mbele ya mumewe. Usianze na ushauri. Mwambie, "Mayu, jana nilisikia. Wewe na watoto mko salama?" Ukiona ameshtuka, acha, lakini mwachie neno hili: mlango wangu haufungwi. Na watoto wake wakija kucheza kwako wakakaa hadi giza linaingia, wape chakula, usiwafukuze. Huenda ndipo mahali pekee walipoona usiku unaweza kupita kimya.

Wewe mama uliye ndani ya nyumba hiyo, kuna mambo unaweza kuyapanga hata kabla hujaamua kuondoka. Ugomvi ukianza, usikimbilie jikoni. Kule kuna visu, mchi na moto. Sogea upande wenye mlango wa kutokea. Kama una mtoto mgongoni, mkabidhi mkubwa atoke naye. Wafundishe watoto wasiamulie kabisa. Waambie kazi yao ni kukimbilia nyumba fulani, uitaje jina, na mwenye nyumba hiyo awe anajua. Chagueni neno lenu moja ambalo ukilitamka, kwa mfano "kalete chumvi", mkubwa anawachukua wadogo na kutoka. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, sare moja ya shule kwa kila mtoto na hela kidogo, viweke kwa mtu unayemwamini, si chini ya godoro. Na usimtangazie kwamba unaondoka. Wanawake wengi waliouawa na waume zao waliuawa walipokuwa wanaondoka au walipokuwa wametoka tu. Hatari haiishi siku unayofunga mzigo, mara nyingi huanza kupanda siku hiyo.

Hilo neno la ng'ombe lisikutishe kupita kiasi. Mahakama inapoamua mtoto akae na nani, kitu cha kwanza inachotakiwa kutazama ni ustawi wa mtoto mwenyewe, na sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri awe na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Wala usidanganyike kwamba ni lazima upite kwanza baraza la usuluhishi ndipo uende polisi. Baraza ni la safari ya talaka. Kipigo ni kosa la jinai.

Na kama umejiona katika yale niliyosema juu ya hasira inayoshukia kwa mtoto, usijifiche. Mara nyingine mkono ukipanda, tua fimbo chini, toka nje, nawa uso, hesabu kuku, fanya chochote kitakachokupa dakika 5. Ukiwa umeshampiga, rudi umwambie, "Nimekosea, si kosa lako." Mtoto hapotezi heshima kwa mzazi anayeomba radhi. Halafu mtafute mtu mmoja wa kumweleza, iwe ni mhudumu wa afya wa kijiji, iwe ni dada mwenzako wa kikundi.

Kaka yangu, baba wa nyumba, nina neno nawe pia. Utasema ni pombe. Lakini umelewa mara ngapi mbele ya mwajiri wako au mbele ya askari, ukampiga? Hukumpiga, kwa sababu hata ukiwa umelewa unajua nani wa kumpiga na nani wa kumwacha. Pombe inakupa kisingizio. Huku kwetu ugomvi hupanda msimu wa mavuno, hela ya mpunga au ya pamba ikishaingia mkononi, kwa hiyo kaeni mpange matumizi kabla ya kuuza, mchana, mkiwa hamjanywa. Siku ukisikia kifua kinapanda, ondoka, ukatembee hadi barabarani urudi. Na ukitaka kujua hali ya nyumba yako, usimuulize mkeo. Ingia ghafla sebuleni uwatazame watoto: wamekuja kukupokea au wamenyamaza?

Walimu wana nafasi ambayo hakuna mwingine aliye nayo, kwa sababu wanamwona mtoto siku 5 kwa wiki. Mtoto aliyeanza kuchelewa ghafla, anayeruka kila mlango ukigongwa, anayevaa sweta juani, muulize kwa upole kabla hujashika fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena visizidi 4. Kiboko cha kuchelewa kinachotolewa getini na yeyote aliye zamu kiko nje ya kanuni hizo. Na kwa mtoto ambaye usiku alilala kwenye shamba la mihogo, kiboko hicho ni cha pili katika saa 12.

Wazee wenzangu, kikao kibaki, ila kigeuzwe. Mbuzi hamlindi mtu. Kabla ya kuzungumzia radhi, wachukueni watoto pembeni, mmoja mmoja, mama mmoja anayeaminika aongee nao bila wazazi kusikia. Asiulize "baba yako ni mbaya?" Aulize, "Ugomvi ukianza, wewe huwa uko wapi? Unafanya nini?" Mtoto atasimulia. Atazamwe mikono na mgongo. Palipo na jeraha, kubakwa, panga au moto, kikao hakina mamlaka. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwa wenye mamlaka. Na ikiwa mnasuluhisha, amueni hapo hapo nani atapita nyumba hiyo baada ya siku 3, baada ya wiki, baada ya mwezi, na atazungumza na mtoto pia. Kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zilizoundwa hadi ngazi ya kijiji zina kazi hii hii. Iulize ya kwenu mara ya mwisho ilikaa lini.

Pa kwenda papo. Simu 116 ni ya bure, mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mtu mzima anaweza kuipiga kwa niaba yake. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki ya mtoto inavunjwa aipeleke serikali ya mtaa au kijiji chake, kwa hiyo asiyependa kuitwa mbea ajue anatimiza sheria. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na napenda jina hilo lilivyounganisha: ukienda kwa ajili ya mama, taja na watoto, jina kwa jina, umri kwa umri, vyote viandikwe katika maelezo yale yale. Omba fomu ya polisi ya PF3 kwa kila aliyeumia, si ya mama peke yake. Aliyepoteza fahamu au anayetoka damu nyingi apelekwe hospitali kwanza, karatasi zifuate. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuamua mtoto alale wapi usiku huo ikiwa nyumbani hakulaliki.

Haya si maneno ya kujifariji. Kampala, mradi wa SASA! ulifuatiliwa na watafiti kati ya mwaka 2007 na 2012. Majirani walifundishwa kuzungumza na majirani juu ya matumizi ya nguvu kati ya mume na mke. Watoto hawakuwa shabaha yake. Lakini kwenye mitaa iliyofikiwa, watoto wanaoshuhudia ugomvi wa wazazi walipungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na mitaa mingine, na baadhi ya wazazi wakasema wamebadili hata namna ya kuwarudi watoto. Kivulini, shirika lililozaliwa hapa Mwanza mwaka 1999, limejenga kazi yake juu ya wazo hilo hilo la majirani. Na wale wanawake wa vikundi vya mikopo niliowataja mwanzo, kati ya waliopata vikao 10 vya mafunzo ya MAISHA, waliopigwa walikuwa wachache kuliko kati ya wenzao ambao hawakuvipata. Kikundi chako cha vikoba kinaweza kutenga nusu saa kila mkutano kwa mazungumzo ya namna hii.

Jambo moja la mwisho, kwa wanaompokea mtoto baada ya vurugu kwisha, hasa bibi na shangazi. Msitegemee atatulia wiki ile ile. Ataendelea kukojoa kitandani, ataficha chakula chini ya mto, atashtuka pikipiki ikipita. Asichapwe kwa hayo, wala asiitwe kikojozi mbele ya wenzake. Mpe saa ile ile ya kula na saa ile ile ya kulala. Mwambie kila jioni nani yumo ndani na mlango umefungwa. Yule binti wa sweta alilala kwa bibi yake miezi minne, mama yake akija kila Jumapili na kukaa naye mwembeni, bibi akiwa karibu. Mwezi wa tatu ndipo alipoanza kulala taa ikiwa imezimwa.